Masikio ya Nyuma ya Nyumba

"Mjomba, nijibu bila kuzunguka. Ukaguzi wa pili ulifanya au hukufanya?"

"Nilifanya. Saini yangu si hiyo hapo?"

"Saini naiona. Nauliza miguu. Ilitembea?"

"Ilitembea, mpwa wangu. Au unataka nikuletee soli za viatu uzipige picha?"

Walikuwa wameanza tangu saa saba, na sasa saa nane imeshapita, Jumapili, chai imepoa mara mbili na mara mbili nimeipasha. Mwanangu, huyo mjomba mtu, amekaa kiti cha mlangoni amekunja mikono kama aliyekuja kudai haki yake. Mjukuu wangu hajakaa. Anatoka mezani penye kompyuta anakwenda dirishani, anatoka dirishani anarudi mezani, anabonyeza kitu kimoja, anaguna, anaondoka tena. Sakafu ile ni ya sementi, tuliiweka mwaka juzi. Kati ya meza na dirisha imeshalika. Ukimwaga maji pale yanatulia kama ndani ya bakuli.

"Kaa basi, mke mwenzangu," nikamwambia. "Unanizungusha kichwa."

"Siwezi kukaa, Bibi. Saa kumi Bwana Miwani anapita hapa kuchukua karatasi."

Nimtambulishe kwanza huyu mjukuu wangu, maana ukimwona leo na kompyuta yake na shahada zake utadhani alishushwa hivyo hivyo. Huyu hakuzaliwa, alibisha hodi. Mkunga alisikia kugongwa kutoka ndani, akajibu "karibu," naye akatoka. Mama yake, binti yangu mkubwa, ni mtu wa biashara za safari, leo yuko mpakani kesho hajulikani, kwa hiyo mtoto nikabaki naye mimi. Na mtoto kazi yake ikawa kugonga. Anagonga sufuria, anagonga ukuta, anaweka sikio, anasikiliza, anasogea hatua moja, anagonga tena. Siku moja alimgonga babu yake kwenye upara akanigeukia: "Bibi, hapa ndani pana nafasi kubwa." Babu yake alinuna siku tisa. Ndipo mtaa mzima ukamwita Gongagonga, na jina lake la shule likabaki kwenye vyeti.

Alipokuwa na miaka saba aligonga tangi la maji la jirani yetu, fundi cherehani, akamwambia, "Mama fundi, limebaki nusu na kidole." Mama fundi akacheka, akapanda ngazi kuangalia. Lilikuwa nusu na kidole. Tangu siku hiyo watu wakawa wanamleta kwao kabla ya kununua tikiti maji, na kuna bwana mmoja alitaka amgongee mchumba. Huyo nilimfukuza na mwiko.

Sekondari mwalimu wa fizikia akaona kipaji. Chuo kikuu wakamfundisha kuigonga dunia nzima.

Kazi yenyewe, kama alivyonieleza nami nikaielewa kwa namna yangu, ni hivi. Lori zito linashusha bamba la chuma na kuitikisa ardhi. Mtikisiko unazama, unakutana na mwamba, sehemu yake inarudi juu. Huku juu pamechomekwa vijisanduku vyenye msumari chini, vimepangwa mstari mmoja ulionyooka, vinasikiliza. Wasomi wana jina lao refu, lakini vibarua wote wanaviita masikio. Kila sikio linaandika sauti imerudi baada ya muda gani. Ikiwahi, mwamba uko karibu. Ikichelewa, uko mbali. Kompyuta inazikusanya sauti zote na kuchora tumbo la ardhi, tabaka juu ya tabaka, mistari myekundu na ya buluu. Halafu inatakiwa jicho la mtu wa kuisoma picha ile, na huyo ndiye Gongagonga. Mafuta na gesi hupenda kunasa chini ya tabaka lililobinuka. Yeye anatafuta palipobinuka. Wao wanapaita nundu.

Aliwahi kunipeleka kazini kwake. Chumba hakina dirisha, baridi kama ndani ya friji, na ukuta mmoja wote ni kioo cha picha. Walinivisha miwani nyeusi. Wakazima taa. Salaale! Ardhi ikatoka ukutani ikanijia usoni, na matabaka yake, na nyufa zake, na mto wa mchanga uliozikwa kabla nyani hajajua kujikuna. Nikapandisha miguu kwenye kiti nisije nikakanyaga kitu cha watu. Wakubwa watatu wenye tai walikuwa wamenyoosha mikono wanapapasa hewa kama watoto gizani. Mmoja alikuwa na miwani yake ya macho, akavaa ile nyeusi juu yake, na juu ya paji la uso akasahau ya tatu ya kusomea. Nikauliza huyu mwenye duka la miwani ni nani. Nikaambiwa ndiye mkuu wa chumba. Jina likamganda hapo hapo: Bwana Miwani.

Basi miezi minane iliyopita malori yalikuja mtaani kwetu. Mstari wa masikio ulikatiza barabara, ukapita uwanja wa shule, ukapita nyuma ya nyumba yangu hii hii, kati ya ukuta wa jiko na kamba ya nguo. Mwanangu akapata unyapara wa mstari. Kazi yake kukagua mara mbili: masikio yakishachomekwa, na tena kabla lori halijaanza kutikisa. Kila ukaguzi anatia saini.

Na picha ilipotoka, Gongagonga akaona nundu. Iko wapi? Chini ya mtaa wetu. Alikuja amebebwa na furaha, miguu haigusi chini, nililazimika kumfunga kanga kiunoni na kumvuta kama kishada. Ilikuwa nundu yake ya kwanza. Bwana Miwani akasema hajaona nundu nzuri kama ile tangu aanze kuvaa miwani. Mtaa ukajaa maneno ya kisima cha mafuta. Mama fundi akakata vitambaa vya ovaroli kabla hajaombwa. Karatasi ikaandaliwa: mtaalamu aliyesoma picha athibitishe kwa saini kwamba pachimbwe pale, Bwana Miwani apande nayo ndege Jumapili jioni kwenda makao makuu. Saini ya Gongagonga, si ya mwingine. Kisima kikitoa, yeye ndiye aliyekiona. Kikitoka kikavu, baada ya mitambo na watu wote wale, ni jina lake litakalotembea vyumba vyote vya picha, na hakuna atakayemwamini tena akisema hapa pana kitu.

Tangu Ijumaa halali. Nami nilimwuliza tatizo nini wakati nundu imeonekana.

"Imeonekana mno, Bibi," akasema. "Angalia. Tabaka la juu limebinuka hivi. La pili limebinuka vile vile. La kumi vile vile. Mpaka chini kabisa. Kama sufuria za saizi moja zimepangwa. Nundu ya kweli hubadilika ukishuka. Hii haibadiliki. Maana yake kosa haliko chini. Liko juu, kwenye masikio."

Ndiyo maana alimwita mjomba wake Jumapili hii na kumweka kitini.

"Nundu inaanzia sikio la mia mbili na kumi na mbili," Gongagonga akasema, kidole kwenye kioo, "inaishia mia mbili na ishirini na tatu. Masikio kumi na mawili. Unajua yako wapi?"

"Mimi ndiye niliyeyachomeka, unaniuliza?"

"Yako nyuma ya nyumba hii. Kumi na mawili tu, kati ya mia nne, yamesikia sauti mapema kuliko wenzake. Sauti hupita upesi kwenye ardhi ngumu. Pale nyuma ni udongo laini, ukitema mate panazama. Inawezekanaje?"

"Huenda chini pana jiwe."

"Hapana jiwe."

"Umeingia ukaangalia?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu, Mjomba, kuingia na kuangalia!"

"Basi angalia vizuri. Sikio halina miguu. Nimelichomeka asubuhi, nimelikuta jioni pale pale. Mia mbili na kumi na mbili pale pale, mia mbili na kumi na tatu pale pale..."

"Nauliza kati ya hapo! Saa nne, lori linaanza kutikisa, uliyaona?"

Mwanangu akatazama dari. Mimi nikainuka kuchukua birika, maana lilikuwa limeanza kuniangalia vibaya.

"Labda ni mchwa," nikasema.

Wote wawili wakageuka.

"Mchwa gani, Mama?"

"Mchwa wa siku hizi wana nguvu. Mwaka ule wa mvua kubwa walihamisha kitanda cha babu yake huyu na yeye akiwa juu. Aliamkia barazani. Sasa kijisanduku hata kilo hakifiki kitawashinda? Wakikibeba kumi kumi, wanakipeleka changaraweni, wanakichomeka wima, jioni wanakirudisha..."

Nikasita. Nilikuwa nimeshasikia mwenyewe.

Gongagonga akaacha kutembea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Bibi. Nani ametaja changarawe?"

"Wewe."

"Mimi nimesema ardhi ngumu."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Bibi, tazama huku. Yalihamishwa?"

Nikamwambia ndiyo, lakini aliyeyahamisha ni mbuzi wa mtu. Akauliza mbuzi anachomoa msumari vipi. Nikasema si mbuzi, ulikuwa upepo, na siku ile upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba jogoo aliwika hapa sauti ikasikika kwa watu wa bondeni kesho yake. Mwanangu akaanza kucheka. Gongagonga hakucheka. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yake yakagusa yangu, akanishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye uliyeniambia babu alinyang'anyana kiatu na mamba."

"Kiatu cha kushoto."

"Nilikuwa napenda, Bibi. Bado napenda. Lakini leo nina saa moja na robo. Nikitia saini na nundu ni ya uongo, nimekwisha. Nisipotia saini na nundu ni ya kweli, nimekwisha vile vile. Ushahidi uko mdomoni mwako peke yake, na mdomo wenyewe ndio huo. Safari hii moja, niambie bila chumvi."

Kusema kweli ni kazi ngumu kwa mtu asiyeizoea.

"Ni mimi," nikasema.

"Mangapi?"

"Kumi na mawili. Niliyahesabu nikichomoa, nikayahesabu nikirudisha."

"Kwa nini?"

Nikamtazama mwanangu. "Mwulize huyu. Ni yeye aliyepita mtaa mzima kifua mbele akitutangazia: jamani, tumeweka masikio, msiyaguse, haya yanasikia hata panya akipiga chafya, na yote yanayosikika yanakwenda kwenye kompyuta ya wakubwa. Hukusema hivyo?"

"Nilisema, Mama, lakini..."

"Basi pale nyuma ndipo ninapokaa na mama fundi kila siku kuanzia saa nne mpaka kivuli kiishe. Tuna mazungumzo yetu. Nikaona sikio moja limechomekwa hatua moja kutoka kigoda changu, limenielekea. Jingine karibu na kigoda cha mama fundi. Kumi na mawili kwa ajili ya wanawake wawili! Nikasema hapana. Nikakuita wewe chai, ukanywa vikombe vitatu, ukasinzia kwenye kiti hicho hicho. Tukayachomoa mimi na mama fundi, tukayapeleka kule kwenye mgongo wa changarawe, tukayapanga vile vile, mstari vile vile. Sisi si watu wa kuharibu mali ya watu. Lori likaja likatikisa mpaka meno ya mama fundi yakabadilishana nafasi. Lilipoondoka tukayarudisha."

Mwanangu akauliza, si habari ya nundu wala saini: "Mlikuwa mnamsema nani?"

"Hayo hayakuhusu."

"Mama, mlikuwa mnanisema mimi?"

"Mjomba!" Gongagonga akapiga kelele. "Kwa hiyo ulilala!"

"Nilijiegemeza."

"Ukatia saini umekagua!"

"Nilikagua asubuhi! Mama, mlisema nini juu yangu?"

Lakini Gongagonga alikuwa ameshanishika mkono tunatoka nje. Tukapita jikoni, tukapita chini ya kamba ya nguo, shuka bichi likanipiga usoni. "Nioneshe hasa. Lilikuwa hapa? Lilikwenda wapi?" Nikamwonesha. Nikatembea kutoka kigodani hadi mgongo wa changarawe, yeye nyuma yangu anahesabu hatua zangu kwa sauti, sitini na nne. Akanirudisha nianze upya. Sitini na nne. Akanirudisha tena, kutoka kigoda cha mama fundi. Sitini na tatu na nusu, maana pale pana jiwe la kufulia. Mama fundi akachungulia juu ya ukuta, utepe wa kupimia begani, akauliza tunapima kiwanja? Akaulizwa yeye peke yake: masikio mangapi, mlipeleka wapi? "Kumi na mawili," akasema, "changaraweni. Kwani yamesema nini?"

Tukarudi ndani mbio, mimi na magoti yangu haya. Saa tisa na dakika ishirini. Gongagonga alikaa kwenye kompyuta, na safari hii mguu wake tu ndio uliokuwa unatikisika chini ya meza, vikombe vinalia kwenye visahani.

"Mgeni akipita njia ya mkato," aliniambia huku anabonyeza, bila kunitazama, "anafika mapema, unadhani anaishi karibu. Sauti ilipita changaraweni ikawahi. Kompyuta ikadhani mwamba uko juu zaidi. Ikachora nundu. Sasa nayachukua yale kumi na mawili, nayaambia mlikuwa pale, si hapa. Nayacheleweshea sauti kadiri changarawe ilivyoiwahisha."

Alibonyeza. Picha ikafutika, ikaanza kuchorwa upya kutoka juu, mstari baada ya mstari, polepole. Mwanangu aliinuka akasimama nyuma yetu. Tabaka la kwanza likaja, limelala. La pili limelala. La tatu. Nilikuwa nasubiri nundu itokeze mahali fulani, hata ndogo, hata ya aibu. Nilitamani itokeze, nisiseme uongo. Mistari ikaendelea kushuka, myekundu na ya buluu, imelala sambamba kama shuka zilizonyooshwa pasi, hadi chini kabisa.

Gongagonga hakulia. Alichukua karatasi ya saini, akaisoma tena yote, akaiweka.

"Huko ni kuonja tu," mwanangu akasema. "Kompyuta ndogo hiyo. Ya kazini ni kubwa."

"Ya kazini itasema hivi hivi, polepole zaidi."

"Na ikijulikana kwamba nilisinzia? Walishaniahidi unyapara wa kisima."

"Kisima gani, Mjomba?"

Alikuna shingo. Akajaribu mlango mwingine. "Sema mashine ilipitiwa. Mashine haina mama wa kumwonea aibu."

"Wakiamini ni mashine watarudisha lori, watapanga masikio upya mstari mzima, watatafuta ubovu usiokuwepo. Na saini itakuwa bado yangu, na sasa najua."

"Basi tia saini wachimbe. Unajuaje? Mafuta yanaweza kuwepo hata pasipo nundu."

"Na mimi naweza kuolewa na mwezi."

"Nitaje mimi," nikasema. "Mwambie Bwana Miwani ni bibi yako. Nimeshazoea kutosadikiwa, sitaumia."

Akasimama. Akaanza tena ile safari yake, mezani, dirishani, mezani. "Ndiyo shida yenyewe, Bibi. Nitasimama mbele ya watu wenye tai kwenye chumba kile, taa zimezimwa, niwaambie nundu waliyoipapasa kwa mikono ni umbeya wa wanawake wawili. Watacheka mpaka miwani ianguke. Kila nikipita koridoni mtu atashika sikio lake. Miaka kumi ijayo bado watashika sikio."

"Wacheke. Kicheko hakichimbi kisima kikavu."

Alisimama dirishani muda, mgongo kwetu, vidole vinacheza kwenye ukingo wa dirisha. Nje tulisikia gari linapunguza mwendo, likapita, kumbe si lenyewe.

Aliporudi mezani aliichukua kalamu, akaifunika kwa kifuniko chake, akaiweka mbali, upande wa sukari. "Nitamwambia kama ilivyokuwa," akasema. "Masikio kumi na mawili. Hatua sitini na nne. Ukaguzi wa pili haukufanyika."

"Mpwa wangu!"

"Haukufanyika, Mjomba. Nitasema ulikuwa umechoka, ndivyo ulivyokuwa. Nitaomba siku mbili za kupima upya hayo kumi na mawili tu, wewe ukiwepo, macho wazi. Na wakiuliza sababu ya kuhamishwa..."

"Sababu usiitaje," nikasema.

"Lazima niitaje, Bibi. Wasipojua sababu hawatasadiki."

"Itaje," mwanangu akasema, ghafla amepata nguvu. "Na mimi nataka niisikie. Mama, hapa mbele ya mtaalamu, mlikuwa mnasema nini juu yangu kwa masaa mawili?"

"Si masaa mawili."

"Lilikuwa neno gani?"

"Tulikuwa tunasema," nikaanza, nikaona Gongagonga naye ameinamisha kichwa anasubiri, "tulikuwa tunasema kwamba wewe, na umri wako huo, na yule dada wa..."

Mlango ulikuwa wazi. Hatukusikia gari. Bwana Miwani alisimama kizingitini, mkoba mkononi, jozi moja machoni, nyingine imening'inia shingoni. Alisema hodi akiwa ameshaingia. Akatusalimia. Akaitazama karatasi iliyolala bila saini, akaitazama kompyuta, akainama, akavua jozi ya machoni na kuvaa ile ya shingoni.

"Nundu iko wapi?" akauliza.